Macho ya Mama Okoth

Nilipokuwa na miaka tisa, kazi yangu kubwa ilikuwa kumficha mdogo wangu Odhiambo asitazamwe na Mama Okoth. Mama huyo alianika omena, dagaa wa ziwani, karibu na kwetu, Muhuru Bay, na watu walisema ana sihoho, yaani jicho lake likimwangukia mtoto, mtoto huugua. Akipita na beseni lake, nilimfunika Odhiambo kwa leso.

Odhiambo alikuwa na miaka mitatu. Vidole vilimvimba, mifupa ilimuuma, akicheza kidogo anahema. Dani, nyanya yetu, hakuwa na shaka aliyemtazama ni nani. Alimchanja chale tumboni kwa wembe na kumpaka dawa. Damu iliyotoka ilikuwa nyepesi kama chai iliyozidishwa maji.

"Unaona?" Dani aliniambia. "Amekula hata damu."

Alimchanja mara tatu mwezi ule. Mimi nilishika miguu.

Mchana mmoja, tukiwa wawili tu nyumbani, Odhiambo alilegea mikononi mwangu. Nilipiga kelele. Aliyefika kwanza alikuwa Mama Okoth, mikono ikinuka omena.

"Toa hiyo leso."

"Dani amekataza usimwangalie."

"Najua alichokataza. Toa."

Alivuta kope ya chini, akatazama. "Peupe kama tumbo la samaki. Wangu wa kwanza alikuwa hivi, nikangoja." Akamfunga mgongoni, tukapanda bodaboda hadi hospitali.

Odhiambo aliongezewa damu. Muuguzi alinieleza kwamba himoglobini ndiyo inayoipa damu wekundu na kubeba hewa safi kutoka mapafuni hadi kila kiungo. Ya Odhiambo ina kasoro ya kuzaliwa, aliyoirithi kwa baba na mama: chembe za damu hupinda kama mundu, hukwama njiani, hufa mapema.

"Na hizi chale?" aliuliza. Nilivuta shuka nikamfunika tumbo.

Dani alipofika alisikiliza yote, kisha akasema, "Si niliwaambia? Macho yake yanaona mpaka damu."

Niliacha shule kidato cha pili, na siku hizi mimi ndiye ninayempeleka Odhiambo kliniki. Simlaumu Dani, alimpenda kwa njia aliyoijua. Ila damu ile kidogo tuliimwaga sisi wenyewe. Mama Okoth sijamwomba msamaha. Juzi tu ndipo nilipojua kwamba uvumi wa sihoho ulianza siku alipomzika mtoto wake wa kwanza.