Mstari kwenye Ndoo ya Chumvi

Nyumbani kwetu Mandewa chumvi haikukaa jikoni. Ilikaa chini ya kitanda cha mama, ndani ya ndoo ndogo nyeupe ya plastiki yenye mfuniko. Jikoni kulikuwa na kikopo tu cha kutia kwenye mboga, na hayo mama aliyahesabu kuwa matumizi madogo.

Vikombe vilivyoshika rangi ya chai alivisugua kwa chumvi na kipande cha ndimu mpaka vikarudi vyeupe. Kambale wa ziwani alimpaka chumvi na majivu, akamsugua kwa gunzi la mahindi hadi ute wote utoke, ndipo kisu kikaingia. Kanga mpya haikuvaliwa kwetu kabla haijalala ndani ya maji ya chumvi, isije ikachuja rangi na kuharibu nguo za wengine kwenye beseni. Mimi ni fundi cherehani, na pasi yangu ya mkaa ikishika utando mweusi chini, ni yeye aliyenifundisha kumwaga chumvi juu ya karatasi ya kaki na kuipitisha pasi ya moto juu yake mara tatu nne. Nimeokoa magauni mengi ya harusi kwa ujuzi huo, na sikumbuki kama niliwahi kumshukuru.

Basi siku aliyoambiwa kwenye kituo cha afya kwamba presha imepanda na aachane na chumvi, mama alimtazama daktari kama mtu aliyeambiwa aachane na maji. Yeye alipewa vidonge, mimi nikapewa maagizo, kwa kuwa ndiye ninayeishi naye. Baba alikufa kwa kiharusi. Nilikaa naye siku tatu akinitazama bila kuweza kusema neno, na sikuwa tayari kuliona jambo hilo mara ya pili. Niliogopa sana. Na mimi nikiogopa huwa mkali, hilo majirani wote wanalijua.

Nilichukua upishi mikononi mwangu. Kikopo cha jikoni nikakiondoa. Ndoo ya chini ya kitanda niliiacha, kwa sababu kazi za nyumba zingefanyikaje, ila niliiinua juu dirishani, nikatazama chumvi ilipofikia, nikachora mstari kwa kalamu ya wino. Nilimwambia kwamba kila Jumapili nitakuja kukagua. Alicheka, akaniuliza kama panya nao nimewachorea mstari wao.

Kicheko hicho hakikudumu. Chakula kilimshinda. Alikuwa akimega matonge matatu, anaisukuma sahani, anasema ameshiba, na mimi namwona mkono wa gauni unavyozidi kumpwaya. Mama ni Mnyaturu, na asipoona mlenda husema hajala hata umchinjie kuku. Lakini mlenda bila chumvi ulimkaa kinywani, akautafuna, kitu kisichohitaji kutafunwa. Niliumia. Ndipo nikaona nimepata njia: nikamwongezea magadi. Magadi huulainisha mlenda na kuupa ule ukali mdogo kwenye ulimi. Yeye zamani alitia nusu kijiko cha chai. Mimi nilitia kijiko kizima cha kulia, baadaye kimoja na nusu. Akaanza kula. Akamaliza sahani, akafuta kwa kidole, na mimi nikajipongeza moyoni.

Haikunipitia akilini kwamba nilikuwa nafanya kosa. Kwetu chumvi ni chumvi na magadi ni magadi, hakuna anayeviweka fungu moja. Mzee wa Kihindi ambaye nashonea barazani kwake mjini anauza vyote viwili, magunia yake yamekaa bega kwa bega. Siku moja akinipimia alinitania kwamba siku hizi nimelihama gunia la kushoto nikahamia la kulia. Nikamweleza kuwa mama ana presha na chumvi nimeipiga marufuku. Alitikisa kichwa kwa huruma, akanifungia magadi yangu.

Jumapili ya kwanza chumvi ilikuwa imeshuka chini ya mstari kwa upana wa kidole. Iliyofuata, vidole viwili. Nilimuuliza imekwenda wapi, akasema kazi za nyumbani. Kazi zipi? Vikombe vilikuwa vilevile, kambale hatukununua, kanga mpya hakuna. Nilizunguka nyumba nzima kama askari na sikuona kilichosuguliwa. Kisha tukaenda kupimwa na presha ilikuwa juu kuliko mara ya kwanza.

Njiani sikumsemesha. Tulipofika uani nilishindwa kuvumilia.

"Mama, unalamba chumvi kwa siri."

"Sijala chumvi yako, mwanangu."

"Basi imekwenda wapi? Au unataka nikuzike kama tulivyomzika baba?"

Aliingia chumbani akafunga mlango taratibu. Mimi niliichukua ile ndoo nikaifungia kwenye sanduku langu la vitambaa, ufunguo nikauning'iniza shingoni. Nilijiona mtoto mwema anayemwokoa mzazi asiyejijali. Asubuhi nilimwamkia shikamoo kama kawaida, akaitikia marahaba huku anatazama ukuta. Tuliishi hivyo wiki mbili. Ulikuwa msimu wa upepo, ule wa kwetu unaojaza vumbi hadi ndani ya sufuria zilizofunikwa, na mama alishinda amevaa soksi. Nilidhani ni baridi.

Siku moja nilisahau gauni la mteja, nikarudi nyumbani saa nne asubuhi. Nilimkuta nyuma ya nyumba, ameketi kwenye kigoda, soksi ziko pembeni, miguu ndani ya beseni. Vifundo vyake havikuonekana. Ngozi ilikuwa imevutika inang'aa, na alama za soksi zimezama kama kamba. Alinitazama kwa aibu, yeye, mama yangu, utadhani ni mimi niliyemzaa.

"Maji matupu hayasaidii," alisema. "Chumvi yako yote iliishia humu."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Alisema ningeona anazidiwa, ningeacha cherehani nikae nyumbani kumlinda, na tayari nilikuwa namlinda kupita kiasi. Nilimvisha soksi, nikaita bajaji.

Nesi alibonyeza mguu kwa kidole gumba, akaondoa, na shimo likabaki. Aliuliza bibi anakula nini. Mimi ndiye niliyejibu, tena kwa kujivuna kidogo, kwamba chumvi haijaingia kwenye sufuria yetu tangu tulipokatazwa. Akauliza mboga gani. Mlenda, nikasema. Akauliza kama tunatia magadi. Nikasema ndiyo, ya kulainishia tu. Akataka kujua kiasi, nikamwambia kijiko kimoja na nusu. Cha chai? Hapana, cha kulia. Kila siku? Kila siku.

Nesi aliweka kalamu chini.

"Magadi na chumvi kwa mwenye presha ni kitu kimoja. Nani anayatia?"

Nilifungua mdomo. Mama aliniwahi.

"Natia mwenyewe."

Nesi akamgeukia yeye. Alimsema kwa muda mrefu, si kwa ubaya, lakini kwa sauti iliyofika kwenye benchi la wagonjwa nje: kwamba anajiua, kwamba binti yake anahangaika na yeye anamwangusha, kwamba watu wazima ndio wabishi kuliko watoto. Mama aliinamisha kichwa, mikono mapajani, akasema amekosa. Na mimi nilikaa kimya. Ningeweza kusema maneno mawili tu, si yeye, na sikuyasema. Nimejitafutia sababu nyingi tangu siku hiyo, na zote ni uongo. Niliona aibu, basi.

Tuliporudi nilifungua sanduku, nikatoa ndoo. Nilichemsha maji, nikayachanganya na ya baridi, nikamwaga chumvi viganja viwili, nikapiga magoti mbele ya kigoda chake. Nilimsugua nyayo polepole. Nilimwambia anisamehe, kwamba nilimwita mwizi wa chumvi na kumbe mwenye kumlisha nilikuwa mimi. Alisema maji yanapoa, niongeze ya moto. Nikaongeza.

Ndipo nikamuuliza kwa nini alijitwika kosa langu mbele ya nesi.

Alichezesha vidole vya miguu ndani ya maji kwanza.

"Wewe hujazoea kusemwa," alisema. "Mimi umenizoeza."

Hakusema kwa kunikomoa. Alisema vile anavyosema ugali umeiva. Nilibaki nimeishika miguu yake ndani ya beseni, na sikuweza kuinua uso, na yeye akasema chumvi bado ni kidogo, nitie tena, hiyo si ya kula.