Verna Akataa Kuahidi China

Verna Hruska wa Nebraska aligombea ukatibu wa jimbo, kazi ya kutunza muhuri na kumbukumbu za serikali na kusimamia uchaguzi. Balaa lilikuwa jina la cheo, maana waziri wa mambo ya nje kule Washington huitwa vivyo hivyo kwa Kiingereza, Secretary of State. Kwenye maonyesho ya mifugo alisimama juani kutwa, na wakulima wakamuuliza habari za ng'ambo tu.

"Dada Verna, Wachina watanunua lini soya yetu?" aliuliza jirani yake Milo, mdomo umejaa andazi la boga.

"Milo, mimi siendi China. Natunza makaratasi."

"Sasa kura tukupe ya nini? Mgombea mwenzio kaahidi kwenda kuwabana."

"Kakudanganya. Kazi ni hii hii, na muhuri ni huo huo."

"Ah, angalau yeye ana nia."

Mke wa Milo akamnong'oneza, "Shoga, sema tu utakwenda. Nani atakufuata kuhakikisha?"

"Nitajifuata mwenyewe," Verna akasema.

Novemba akaanguka kwenye uchaguzi. Yule mshindi hajavuka hata mto wa mpakani, na Milo bado anamsifu kwa nia yake.