Catch Tupu na Lori la Papa Kalala

Siku yangu ya kwanza kazini chef wa informatique, yaani mkuu wa kompyuta, alinionyesha kiti, akasema, "Mizani ya malori iko inadanganya. Rekebisha." Sikupewa maelekezo mengine. Nilikuwa na elimu ya msingi tu. Kuandika programu nilijifunza kwenye simu, kwetu Kasungami.

Depo yetu, upande wa Ruashi, ilipima kila lori la madini likitoka. Lori lisiposimama kabisa, namba hurukaruka. Basi nikaunda exception yangu, yaani kosa nililolipa jina mwenyewe: MizaniHaijatulia. Ndani ya try, sehemu ya kujaribu, programu ilisoma uzito. Namba zikiruka, ilirusha kosa hilo, na catch, sehemu ya kudaka makosa, ikalidaka na kuandika kwa rouge, rangi nyekundu: "Simama, upimwe upya." Uzito haukuandikwa mpaka namba zitulie.

Madereva walinitania. "Weye mutoto, rouge yako inatuchelewesha! Bibi yangu atasema niko na mwingine!"

Kisha mkurugenzi wa usafiri akalalamikia foleni. Chef akafuta kila kitu ndani ya catch, akaacha mabano matupu.

"Chef, kosa likitokea sasa, programu itabaki na uzito wa lori lililotangulia."

"Rouge imeisha, foleni imeisha. Unataka nini tena?"

Wiki hiyohiyo Papa Kalala, dereva wetu mzee, alipita nyuma ya trela kubwa bila kusimama vizuri. Programu ikampa uzito wa trela. Kiwandani walipopima upya, wakakuta uzito umepungua, wakasema ameuza madini njiani. Akafungwa.

Mkewe, Mama Ntumba, alikuja getini. "Mule mu lori hamukutoka hata jiwe! Nani alipima? Aje aniangalie mu macho!"

Nikamwendea chef. "Twende polisi tukaeleze."

"Hapana. Rudisha rouge yako kimya, mambo yaishe."

"Na Papa Kalala?"

"Bashofere banaiba kila siku. Kama si yeye, ni mwingine."

Nilikwenda polisi na Mama Ntumba, nikaeleza jinsi programu ilivyompa uzito wa trela, nikarudia mpaka wakaelewa. Papa Kalala akaachiliwa, bila kurudishiwa lori lake. Mimi nikafukuzwa.

Ninyi mnaoanza kazi hii, mtaambiwa catch ni ya kuzuia programu isife. Wanaosema hivyo hawajawahi kusimama getini mbele ya Mama Ntumba. Kosa mkilidaka, lionyesheni, au simamisheni kazi. Mkilinyamazisha, linamwangukia mtu asiyejua hata kwamba programu ipo.

Chef amepandishwa cheo. Papa Kalala akipita sokoni, bado wapo wanaoshika mifuko yao.