Kibuyu cha Bibi Forodhani

Juzi, forodhani penye mdomo wa Rufiji, karani alikuwa akipekua mizigo ya watu wanaohamia Unguja. Nilisimama nyuma ya bibi yangu, nimekumbatia daftari la shule iliyofungwa tangu vita vianze.

Karani akagonga kibuyu cha bibi kwa kalamu. “Humu mna nini?”

“Maji, bwana. Ya safari.”

Askari akainua bunduki. Siku hizi anayekutwa na dawa ya maji, ile wanayoambiwa wapiganaji kuwa inazuia risasi, hunyongwa.

“Ya safari?” askari akacheka. “Hebu yanywe tuone.”

Bibi hakuyanywa, maana wapiganaji nao huinywa dawa hiyo wanapokula kiapo; angeonekana mmoja wao. Angeyamwaga, wangesema anaficha.

Bibi akachuchumaa. “Adhuhuri imeingia, wanangu.” Akaanza kutawadha kwa maji yale: mikono, kinywa, uso, taratibu kama yuko uani kwake, mpaka vifundo vya miguu. Nani angetia udhu kwa dawa ya vita?

Karani, mtu wa pwani, akatazama chini. Kisha akasema kwa sauti ndogo, “Nisazie kidogo, bibi, nami nitawadhe.”

Tukapanda mashua.

Watu huuliza kwa nini wengine huhama nchi yao kwenda ya jirani. Mama yake bibi alivuka Ruvuma kuja Rufiji akiwakimbia wateka watumwa. Sisi tumeondoka kwa sababu kwetu ajuza hawezi tena kubeba maji ya kunywa.