Siku ya Mwaka Tuliyokula Chakula Baridi

Sisi tuliozaliwa kisiwani Chole wakati Mjerumani yuko Boma tulikuwa na sikukuu nyingi kuliko nguo. Idi mbili zilikuwa zetu, na Maulidi, na Siku ya Mwaka, mwaka mpya wa watu wa pwani. Januari palikuwa na siku ya kuzaliwa Kaisari, mfalme wa Wajerumani: tunapangwa mstari mbele ya bendera, askari wanapiga bunduki hewani, nasi hatujui Kaisari ni mrefu au mfupi ila tunajua kuna biskuti. Krismasi ikifika, Bwana wa Boma alikata mvinje mchanga, akaupamba mishumaa, akausimamisha sebuleni, tukachungulia dirishani na kumwonea huruma kwa kukosa pa kuupanda. Banyani nao siku ya Diwali walipanga taa za udongo barazani, na mtoto yeyote apitaye alitiwa jalebi tamu mkononi bila kuulizwa ni wa nani. Vijana wa leo sikukuu wanailala mpaka saa nne, wakiamka wanauliza kimepikwa nini.

Mimi niliipenda Siku ya Mwaka kupita zote. Usiku wake kila nyumba ilizima moto wa zamani na kumwaga majivu. Alfajiri tulishuka pwani, wanaume upande wao na wanawake upande wao, tukaoga bahari mpaka meno yakagongana. Kisha wazee walipekecha moto mpya kwa vijiti, na sisi wasichana tukaupeleka nyumba kwa nyumba, makaa ya makumbi ya nazi juu ya kigae. Nyumba isiyofikiwa na moto ule ilihesabiwa kuwa na mkosi mwaka mzima. Nilikuwa na miaka kama minane nilipokabidhiwa kigae kwa mara ya kwanza, na siku hiyo nilijiona mtu mkubwa kuliko Bwana wa Boma.

Jirani yetu, ukuta kwa ukuta, alikuwa Mama Lila, mke wa Banyani muuza nguo. Mtaani kwetu hapakuwa na mwanamke mwingine wa Kibanyani, basi akamfanya bibi yangu kuwa mama yake. Mtoto wake wa kwanza, wa kiume, alichukuliwa na ndui. Alibaki Lila, wa miaka miwili, ambaye nilimbeba kiunoni kutwa nzima mpaka mama akasema nitapinda mgongo. Barazani kwa Mama Lila tulikaa kama kwetu. Jikoni hatukuingia. Dini yake haikuruhusu, na sote tulilijua hilo.

Asubuhi ile ya kigae changu, barazani kwake hapakuwa na mtu. Nilisikia maji yakimwagika uani, nikajua anamwogesha Lila. Nikachungulia jikoni. Meko yalikuwa baridi, yamefagiwa vizuri, na juu yake limewekwa ua moja. Nilimwonea huruma: maskini, kazima moto wake akitusubiri, na hakuna aliyemkumbuka. Nikasahau kila nilichokatazwa. Niliingia, nikamimina makaa, nikayafunika kwa makumbi makavu, nikapuliza mpaka moto ukapanda, kisha nikasimama pembeni kungoja kusifiwa.

Mama Lila aliingia na mtoto mkononi, wote wawili wamelowa. Alipouona ule moto alikaa chini palepale, akamfunika Lila uso kwa mtandio wake, akalia bila kutoa sauti. Nilikimbia kumwita bibi.

“Leo kwetu moto hauwashwi, mama,” Mama Lila alimwambia bibi. “Vya leo nimevipika jana. Leo mama wa ndui anapita nyumba kwa nyumba, anatafuta meko baridi apate kulala. Akiungua, anaondoka na mtoto. Mwaka ule nilisahau siku, nikapika.”

Ndio mwaka aliofiwa na yule wa kiume. Siku yao ilifuata mwezi wa kwao, yetu ilifuata hesabu za wazee wa pwani, na mwaka huo zilikutana, mwezi wa Agosti.

Bibi yangu hakukosa sala hata moja, na mambo ya namna ile nilimsikia mara nyingi akiyaita upuuzi. Nilingoja ayaite hivyo tena. Badala yake akarudi kwetu, akachukua mtungi na kuumwagia maji moto wetu mpya, sufuria ya wali wa kunde ikiwa ndiyo kwanza inachemka.

“Mama, unazima moto wa Mwaka?” mama yangu aliuliza.

“Nauzima. Mtoto wetu ndiye aliyeharibu jiko la mwenzetu. Kama kuna anayetafuta pa kulala, na aje alale hapa.”

“Na huyu wetu je?”

“Huyu wetu atakula baridi kama wao. Mimi namwomba Mungu wangu. Lakini Mama Lila naye leo apate usingizi.”

Tukala mikate ya mtama ya jana na maziwa ya mgando, vyote kutoka kwa Mama Lila, sikukuu nzima mtaa ukinukia nazi na sisi tunatafuna. Niliona aibu kubwa. Kwa wiki nyingi nikawa nikiamka tu naenda kumkagua Lila uso, nikitafuta kipele.

Ndui ilikuja miezi michache baadaye. Ilipita mtaani kwetu na Lila hakuguswa. Ilinikamata mimi. Nikalazwa chumba cha uani, na wageni wakakoma kuja. Mama Lila hakuweza kuingia kwa ajili ya mwanawe, na hakuna aliyemlaumu. Lakini alizima jiko lake, na siku zote nilizougua hakuliwasha. Mumewe alikula viporo na maziwa ya kuletewa, Lila pia. Kila asubuhi nilimsikia dirishani akimpa mama yangu salamu ileile: “Bado baridi.” Nilipona. Makovu haya usoni ndiyo yaliyobaki.

Baadaye Boma lilihamia Kilindoni, vita vikaja, Mjerumani akaondoka na Kaisari wake. Mama Lila na mumewe walihamia Dar es Salaam, na siku walipoondoka nililia kama aliyefiwa. Sijawaona tena.

Siku hizi sikukuu zimechapwa kwa wino mwekundu kwenye kalenda ya ukutani. Wajukuu wangu wanazijua zote: hii ya Waislamu, hii ya Wakristo, hii ya Serikali. Hawakosei, wala hawaendi kwa mtu. Ile ya Mama Lila haimo, na aliyejua hesabu yake hayupo. Basi Agosti, upepo wa kusi ukivuma, nachagua siku mwenyewe, nazima jiko, nakula kiporo. Wajukuu wanadhani mafuta ya taa yamekwisha, wanakimbilia dukani, nami nawaacha waende. Sijui kama siku niliyochagua ndiyo yenyewe, kwa hiyo nazima siku tatu.