Kengele ya frigo tuliyotengeneza shuleni Nyabiondo, na namna ilivyompeleka mwalimu wetu mlimani

Wakuu, poleni na majukumu.

Humu mimi ni wa kusoma na kupita. Leo nimeamua kuandika kwa sababu nimeona mnabishana kama watoto wa sekondari wafundishwe coding na electronics ao wasifundishwe. Mnabishana kama vile ni mpira. Kwetu jambo hilo lina watu ndani yake.

Majina nimeyageuza, maana baadhi ya wahusika wako hai. Mengine ni kama yalivyokuwa. Pale ambapo sikuona kwa macho yangu nitasema.

Natokea Nyabiondo, Masisi, Kongo. Mkikuta "njo" (yaani "ndiyo") na "iko" kila mahali mnivumilie, njo Kiswahili chetu.

Shule yetu ilikuwa ya mbao na mabati, juu kilimani, chini yake mashamba ya maharagwe na mihogo. Umeme hatukuwa nao. Tulikuwa na Prof Anselme.

Prof alikuwa mtoto wa wakulima wa palepale. Alisoma Bukavu, akamaliza, akarudi. Watu walimshangaa sana, maana kwetu aliyesoma harudi, na asiyesoma anakwenda Bisie kuchimba madini. Mwembamba, koti la kahawia mvua na jua, halafu anacheka utani wake mwenyewe kabla hajaumaliza.

Alikuwa anasema umeme hauingii kichwani kwa chaki. Basi kila mtu alete kutoka kwao kitu kilichokufa: redio, tochi, simu iliyoanguka mtoni. Tulifungua, tukachomoa vilivyo hai, tukaunganisha upya. Mwanzoni tulikuwa tunalehemu kwa msumari uliotiwa kwenye makaa. Mimi nilikuwa mzuri wa kazi hiyo, mkono wangu hautetemeki.

Baadaye Papa Paluku akatuletea vitu vya maana. Huyu alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, mwenye duka na lori, mkatoliki wa kwenda misa hata siku ya mvua. Siku moja alirudi safari na laptop ya zamani pamoja na vikadi vile vidogo ambavyo unaviandikia programu.

"Prof, balisema hii vintu iko ya banafunzi. Miye sijue hata kuiuzisha. Chukua."

Shida ni kwamba laptop ilikuwa inakula betri ya sola haraka mno. Kwa hiyo siku nyingi tuliandika code ubaoni, halafu sisi wenyewe tunakuwa kompyuta. Huyu anasimama mahali pa "kama", yule pa "la sivyo", mwingine kazi yake ni kulia piii. Wapita njia walidhani tunafanya mazoezi ya tamthilia ya kanisa.

Katika darasa hilo alikuwepo Furaha. Mama yake alikuwa analima mihogo na kuuza unga sokoni. Furaha alikuwa mkali, haongei sana, lakini code ikikosewa anainuka bila kuitwa, anaweka kidole ubaoni: "Hapa. Itazunguka hapa mupaka kesho." Na kweli. Prof alikuwa anamwangalia kwa namna fulani, kama mtu aliyeokota kitu njiani na hajui akiweke wapi kisiibiwe.

Sasa kisa chenyewe.

Mama Riziki, muuguzi wa kituo cha afya, alikuja shuleni kulalamika. Frigo yake ya chanjo ilikuwa ya sola, na mawingu yakikaa, baridi inakwisha bila mtu kujua. Watoto wanachomwa sindano ya dawa iliyokufa. Alisema hivyo hivyo, "dawa ya kufa."

Prof akatugeukia: "Munasikia? Hii njo devoir yenu, kazi ya nyumbani."

Tulitengeneza. Kipima joto ndani ya frigo, kikadi nje ndani ya kopo la maziwa ya unga, na king'ora kutoka kwenye pikipiki mbovu. Furaha aliandika programu yote. Mimi nililehemu. Joto likipanda, inalia mpaka barabarani.

Ikafanya kazi wakuu. Msimu wa mvua ililia, Mama Riziki akawahi kuhamisha chanjo. Akatuletea ndizi shuleni, akamkumbatia Furaha mbele ya watu wote mpaka Furaha akaona haya. Nikikumbuka miaka yangu ya shule, siku hiyo njo ninayoiona.

Halafu vita vikarudi.

Kundi sitalitaja. Kwetu makundi yanabadilisha majina, bunduki ni zilezile. Waliingia Nyabiondo, mkubwa wao akakaa mlimani, na majeruhi wakawa wanaletwa kwa Mama Riziki.

Siku hiyo mawingu yalikuwa mazito tangu asubuhi. Wapiganaji walikuwa ndani ya kituo na mwenzao aliyejeruhiwa. Joto likapanda. King'ora kikalia.

Hili alinisimulia Mama Riziki mwenyewe. Wote walijitupa chini. Mmoja akafyatua risasi kwenye frigo. Chupa za chanjo zikapasuka, na king'ora kikaendelea kulia, maana hakikuguswa. Mama Riziki amelala chini, mikono kichwani, anapiga kelele: "Iko inapima baridi tu! Iko ya frigo!"

Hawakumwamini. Wakasema ni chombo cha kuwaita maadui. Wakauliza nani alikitengeneza. Mama Riziki akasema shule. Simlaumu, mtu ana bunduki shingoni.

Wakaja shuleni. Tulikuwa darasani, na ubaoni kuna code. Aliyewaongoza alikuwa na lile kopo la maziwa mkononi, nyaya zinaning'inia.

"Nani njo alitengeneza hii kintu?"

Furaha alikuwa pembeni yangu. Niliona mguu wake umeshatoka kwenye benchi, anataka kusimama. Yule binti hakujua kunyamaza penye ukweli.

Prof akawahi. "Ni miye."

"Weye peke?"

"Miye peke. Hawa batoto banajua kuimba tu."

Akafuta ubao kwa mkono wa koti lake, taratibu, kama mwisho wa somo la kawaida. Wakamchukua, wakachukua laptop na vikadi. Alipopita mlangoni hakutuangalia.

Tulidhani watamuua. Tukasubiri mlio wa bunduki, haukuja. Jioni ile habari ikashuka kutoka mlimani kwamba yule mkubwa alimfanya afungue kopo na kueleza, akasikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka: "Kumbe tuko na ingénieur."

Wakuu, bora angekasirika.

Kuanzia hapo Prof akawa wa kutengeneza redio zao za mawasiliano na kuchaji simu zao. Mke wake, Mama Noela, aliruhusiwa kupeleka chakula. Mimi nilikuwa nambebea sufuria, kwa sababu njia ya mlimani ni mbaya na yeye alikuwa mjamzito.

Siku moja mlinzi alienda kuwasha sigara kwa mwenzake. Prof akainamia sahani ya ugali kama anakula, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Heri, mukubwa wao anataka nimutengenezee kintu cha kutega mu barabara. Kijue gari ikipita. Nilimwambia inaomba muda."

"Prof, unaweza kuitengeneza?"

Akanyanyua macho. "Ninaweza. Furaha pia anaweza, na njo inaniogopesha. Anaanza kuuliza nani alinisaidia. Kuko mutu alimwambia kuko mutoto musichana mwenye akili. Mumutoshe hapa, mumupeleke mbali. Leo."

Mama Noela alisikia. Hakulia mbele ya mlinzi. Alichukua sahani, akaifuta, tukashuka.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Papa Paluku. Yeye mwenyewe alikuwa hatarini, maana vikadi vilitoka kwake, na alikuwa anafunga mizigo aende upande wa Walikale. Nikamweleza. Akakaa juu ya gunia, akapiga ishara ya msalaba.

"Kijana, bakimupata mu lori yangu, batatuua sisi wote. Unajua?"

"Ninajua, Papa."

Alikaza kamba ya gunia alilokalia. Halafu akaniuliza: "Ule mutoto anaweza kukaa bila kukohoa? Unga ya mihogo iko inachoma mu pua."

Tukampanga Furaha katikati ya magunia ya unga na maharagwe, turubai juu. Mama yake alimfunga kitenge mdomoni na puani. Alimwambia tu, "Usikohoe, mama." Kwetu mzazi anamwita hivyo binti anayempenda.

Mimi nilikaa juu ya mzigo kama kibarua.

Kwenye kizuizi nje ya mji walitusimamisha. Mmoja akapanda, akaanza kuchoma magunia kwa kipande cha chuma kirefu. Anachoma, unga unamwagika, anasogea. Nilikuwa nimekalia gunia lililokuwa juu ya miguu ya Furaha. Nikaanza kukohoa mimi, kwa nguvu, kama mgonjwa wa kifua, ili hata akikohoa yeye isisikike. Yule mpiganaji akanitazama, akasema, "Huyu iko na tuberculose," akashuka haraka.

Papa Paluku hakusimamisha lori njia nzima mpaka tulipofika Mpofi, huko Walikale. Tulipomtoa Furaha alikuwa mweupe kwa unga kuanzia kichwani, na kwenye paja alikuwa na kidonda. Chuma kilimfikia. Hakupiga kelele.

Baada ya majuma kadhaa Nyabiondo ilipigwa, watu wote wakakimbia, wengi wakaja Mpofi. Wapiganaji waliokuwa mlimani nao wakatawanyika. Mama Noela akafika, na Prof akafika nyuma yake, anatembea polepole, mkono wa kulia umefungwa kwa kipande cha shuka.

Vidole vyote vya mkono ule vilikuwa vimevunjwa kwa kitako cha bunduki.

Alikuwa amemtengenezea yule mkubwa kitu chake. Kila wakikijaribu, hakifanyi kazi. Anarekebisha, wanajaribu, kimya. Mpaka yule mkubwa akaelewa kwamba ingénieur hakosei kwa bahati mbaya kila mara. Prof alinieleza hilo mara moja tu, bila kujisifu, halafu akaniomba nisimuulize tena.

Mtoto wa Mama Noela alizaliwa ukimbizini, hakuishi.

Vidole vilipona vibaya, vimepinda kama kucha za ndege. Prof analima mihogo ya watu sasa, kwa mkono wa kushoto. Furaha alimfuata mara nyingi: "Prof, tufundishe ata ubaoni tu. Bila vyombo." Akakataa. Mara ya mwisho nilikuwepo, akamwambia: "Dada yangu, kila mutoto nitafundisha, ninamuwekea alama mu paji ya uso. Miye siwezi tena."

Furaha alitoka akiwa analia kwa hasira. Nadhani alimchukia kidogo siku hiyo.

Sasa, mwaka jana, mkuu wa shule moja ya hapa Mpofi alisikia habari zetu. Akaja kwenye kibanda changu, maana mimi natengeneza simu sokoni, na Furaha alikuwa amekaa pale, mtoto wake mgongoni. Mkuu alikuwa mtu mwema, amevaa vizuri. Akasema kuna wafadhili, kuna laptop zinakuja, kuna sola kubwa, wanafunzi wana hamu, wanatafuta mtu tu wa kuwafundisha.

"Balinambia kuko musichana wa Nyabiondo anajua programu sana. Munamujua?"

Nikamwangalia Furaha. Furaha akamwangalia yule mkuu usoni kabisa.

"Hapana, Papa," akasema. "Miye sijue hizo vintu. Miye ninauzisha unga."

Mkuu akashukuru, akaenda zake. Furaha akabaki anampigapiga mtoto mgongoni ili alale, na mtoto alikuwa ameshalala zamani. Nikarudi kwenye simu niliyokuwa nalehemu.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Mnaosema ujuzi ni mwanga mnasema kweli. Mimi nakula kwa ujuzi ule. Lakini mahali penye vita, mwanga unaonyesha pia uliposimama. Kabla hujawasha wa mtoto wa mwenzako, uliza nani yuko mlimani anatazama.

Hata hivyo sijui kama Prof yuko sahihi. Yule mkuu wa shule bado hajapata mwalimu, na wanafunzi wake wanapita kwenye kibanda changu wakitoka darasani, wanasimama kuangalia ninavyolehemu. Wanauliza maswali mazuri.

Niwajibu ao niwafukuze? Mwenye watoto, mwalimu, aliyepita vitani, hata anayeona nimekosea kumnyamazia Furaha, aseme. Matusi pia nitasoma.