Sindano Nilizozikana Dunga

Asubuhi niliyotoka nyumbani kwetu Otonglo, mwanangu, naikumbuka kuliko hata siku niliyooa. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa na mfuko begani, na ndani yake suruali moja, sufuria ndogo, uzi wa sufu wa rangi ya njano, na sindano mbili za kufumia alizoniachia marehemu mama yangu. Kaka yangu Ouma alikuwa langoni akipiga mswaki.

"Unaenda wapi na sufuria?"

"Sijui."

"Basi ukifika, tutumie habari tujue ni wapi."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Acha nikueleze kilichonitoa, maana ukikisikia nusu utadhani nilikuwa mtoto mwenye hasira tu.

Tulizaliwa wavulana watano, msichana hakuna. Nilipokuwa darasa la sita, ugonjwa wa viungo ulimshika mama hadi vidole vikakataa kukunjuka. Mwaka huo niliacha shule. Sisemi niliacha kwa ajili yake peke yake. Nilikuwa mtu wa kuuliza maswali yaliyomchosha mwalimu, na miguu yangu haikupenda kukaa chini ya dawati. Mama akaniona nazurura, akaniita jikoni, akakaa kwenye kigoda na kusema, "Mimi nitakuwa mdomo, wewe utakuwa mikono."

Ndivyo nilivyojifunza. Aliniambia nioshe omena, wale dagaa wa ziwani, kwa maji ya moto mara tatu, mara ya nne nionje maji kwa ulimi, nikihisi mchanga nianze upya. Aliniambia mboga chungu haipigwi vita kwa chumvi, inatiwa maziwa na kuachwa motoni polepole. Ugali nilisonga huku akisikiliza mlio wa mwiko; alijua kwa sikio tu kama unga umeiva. Kazi za jikoni zikiisha, tulifuma. Alikuwa na desturi ya kumfumia kofia kila mtoto aliyezaliwa karibu nasi. Vidole vyake vilipokoma, vyangu vikaendelea, na majirani wakazidi kumshukuru yeye. Tulicheka sana kwa siri, mimi na yeye.

Sasa, kwetu kijana akishajenga simba, yaani nyumba yake ya ujana, hapaswi kuonekana akisonga ugali jikoni kwa mama. Anakula na wanaume wenzake kwenye duol, nyumba ya mwenye boma, na chakula wanaletewa. Mimi simba nilikuwa nayo. Lakini mama alipokuwa mgonjwa kila mtu alifumba macho, kwa sababu kila mtu alikuwa anakula.

Tulipomzika, macho yakafumbuka. Baba Mdogo, aliyeshika boma baada ya baba yetu kufariki, aliniita mbele ya wanaume wote.

"Mama yako amepumzika," alisema. "Kisingizio kimekwisha. Sindano hizo mpe mke wa Ouma. Jikoni usikanyage tena. Ukishindwa, kiti chako hapa tutamkalisha mbwa."

Nikamuuliza, "Baba, omena mliyokula jana, nani aliipika?"

"Ndiyo maana ilinikwama kooni!"

Wanaume wakacheka. Niliwatazama mmoja mmoja. Niliwajua kwa sahani zao: huyu anapenda mkia, huyu hali pilipili, huyu hulamba mchuzi hadi vidole vinang'aa. Baba Mdogo amekwisha kufariki bila kukubali kwamba alikosea. Na mimi nimezeeka bila kukubali kwamba nilikosea.

Kwa hiyo asubuhi nikatoka. Hadi hapo, mwanangu, sina la kujutia. Nilipokosea ni mchana wa siku hiyohiyo.

Nilitembea kwa mguu nikifuata barabara inayoelekea mjini. Mtu mwingine angefika mapema, lakini mimi nilisimama kila palipokuwa na mtu anayefanya kazi. Pale Kondele nilimtazama fundi akikunja bati kuwa jiko la makaa, hadi akaniuliza kama nataka kununua au kumwibia ufundi. Nikamwambia ufundi. Akacheka, akanionyesha jinsi ya kufunga mkunjo bila msumari. Kisha nikapita mjini, nikashuka upande wa ziwa, na mnamo saa nane nilikuwa Dunga, mahali ambapo sikumjua mtu hata mmoja.

Pale ufukweni wanaume wanne walikuwa wamekaa chini wakitengeneza nyavu zilizochanika. Nikaganda. Mzee mwenye kofia ya kitambaa, wenzake walimwita Mzee Okelo, alikuwa na kijiti kilichozungushiwa uzi, akikipitisha, akikaza, akikipitisha tena, kitundu baada ya kitundu. Alihesabu kwa midomo kama mama. Jamani, wanaume walikuwa wanafuma! Tena mchana kweupe, mashati wazi, wakitukanana na kucheka, na hakuna aliyewaambia viti vyao vitakaliwa na mbwa.

"Omera, unaangalia nini?" Mzee Okelo aliniita ndugu, kwa lugha yetu. "Hujawahi kuona wavu?"

"Naweza kujaribu?"

Alinipa kijiti kwa mzaha. Fundo la kwanza likalegea, la pili likakaa sawa, na la kumi mzee aliacha kucheka. "Yawa! Nani amekufundisha wewe?"

Sasa sikia upumbavu wangu. Jibu la kweli lilikuwa fupi: mama yangu, kwa kofia za watoto. Nilikuwa nimeacha nyumbani, kaka zangu na kaburi la mama lenye udongo mbichi ili nisilifiche jibu hilo. Lakini wale wanaume wanne walikuwa wananitazama kwa heshima, na nilikuwa na kiu ya heshima.

"Mjomba wangu," nilisema. "Mvuvi wa Uyoma."

"Nilijua! Huyu ni mtoto wa ziwa!"

Nilipouliza pa kulala, Mzee Okelo mwenyewe alinipeleka kwa Mama Atieno, aliyekuwa akikaanga samaki barabarani na alikuwa na chumba cha nyuma kisicho na mtu. "Mama, nimekuletea mpangaji. Mtoto wa wavuvi. Mikono yake ina adabu."

Mama Atieno alikuwa mwanamke mpana, mwenye macho yaliyochoka kwa moshi na kwa jambo jingine nisilolijua. Alitazama viganja vyangu, kisha mfuko wangu, ambao sindano zilikuwa zimeutoboa na kuchungulia nje.

"Na hizi?"

Mzee Okelo alikuwa nyuma yangu. Wenzake wawili walikuwa wamekuja kununua samaki.

"Za dada yangu," nikasema.

Dada sikuwahi kuwa naye, mwanangu. Nilimuumba pale pale ili anibebee aibu yangu.

Mama Atieno akashusha pumzi. "Ningekuwa na huyo dada yako leo, ningempigia magoti. Binti yangu amejifungua kabla ya wakati. Hospitali wamewaruhusu jana, wakasema mtoto akae kifuani kwa mama yake, na kichwa kisiachwe wazi hata kidogo. Kofia ya dukani inamwingia hadi mabegani. Tunamfunga leso, inateleza. Nikimshika kichwa ni baridi kama samaki huyu."

Ndani nilisikia mtoto akilia, kilio chembamba kama cha paka mdogo. Nilijua kufuma kofia aliyoihitaji. Mikono yangu iliijua tangu mishono ya kwanza hadi ya mwisho. Uzi ulikuwa begani kwangu. Nami nilisimama pale nikitazama mafuta yakichemka, kwa sababu wanaume watatu walikuwa nyuma yangu.

Samaki mmoja aliungua, hilo nalikumbuka. Halafu nikasema, kwa sauti ambayo sikuitambua, "Mama, sina dada. Sindano ni zangu. Kofia naijua."

Nilitegemea kukumbatiwa. Badala yake alinielekezea ule uma wake wa kugeuzia samaki.

"Kwa hiyo ulitaka mjukuu wangu ashikwe na baridi ili wewe uonekane mwanamume?"

Nimekemewa na watu wengi maishani, wengine kwa fimbo. Hakuna aliyenifikia hapo aliponifikia yule mama. Baba Mdogo alinikataa kwa ajili ya sindano zangu, nami nikamwona mkatili. Hapo nilikuwa nimeifanya kazi yake mimi mwenyewe, bila kutumwa, na aliyekuwa anaumia ni mtoto wa siku chache.

"Kaa hapo," akasema. "Hapo mbele. Usiingie ndani kujificha. Fuma."

Nikakaa kwenye kreti la soda kando ya barabara. Kofia ya mtoto ni kazi rahisi, mwanangu, usiogope. Uzi mwembamba, mishono sitini. Ukingo unafuma mishono miwili ya kawaida na miwili ya kugeuza ili uvutike na kushika kichwa, halafu unaendelea kwa mishono ya kawaida hadi urefu wa kidole, unapunguza juu, unavuta uzi, unashona ubavu. Kwa yule mtoto nilipunguza hadi mishono arobaini na minane, kwa sababu Mama Atieno alinionyesha ukubwa wa kichwa kwa ngumi yake.

Wavuvi hawakuondoka, bila shaka. Waliita na wengine.

"Haya, mjomba wa Uyoma alikufundisha na kofia pia?" Mzee Okelo aliuliza, na watu wakapasuka kicheko.

"Sina mjomba Uyoma, Mzee. Nilidanganya. Alinifundisha mama yangu."

"Na wavu je?"

"Wavu nimejifunza kwako leo. Kofia ni wavu wenye joto tu. Ukitaka, kesho nitakufundisha."

Wakamgeukia yeye kwa kicheko. Mmoja akauliza, atakayeolewa na huyu kijana atapata mume au yaya? Nikamwambia aje ale kwangu kwanza, kisha ajibu mwenyewe akiwa ameshiba. Sikusimama wala sikugeuza uso ukutani.

Jua lilikuwa halijazama kofia ilipoisha. Mama Atieno aliingia nayo ndani, akakawia. Alipotoka alisema neno moja tu: "Imekaa." Baadaye kidogo akasema, "Sasa ana joto kisogoni." Akaketi, nadhani kwa mara ya kwanza siku ile.

Binti yake alikuwa hajala tangu asubuhi, kwa hiyo nikaomba vichwa vya samaki, nyanya mbili na kitunguu, nikabandika sufuria yangu kwenye jiko lake palepale mbele ya watu. Mchuzi mwepesi, chumvi kidogo, usikoroge samaki akavunjika. Mzee Okelo alisema amebaki kwa sababu ya upepo. Alikula mabakuli mawili.

"Chumba kina panya," Mama Atieno akaniambia, akinipa ufunguo, "na mlango unauinua kidogo ndipo unafunga. Lakini paa halivuji. Ingiza vitu vyako, nyathina." Mtoto wangu, ndivyo alivyoniita.

Nikaingia, nikatandika gunia. Nilikaa Dunga miaka mitatu kabla miguu haijaniwasha tena.

Leo wanakuja vijana kwangu, wana simu zinazowafundisha kupika chochote duniani, na bado wanafunga pazia ndipo wachambue sukuma wiki. Mmoja aliniletea skafu aliyoifuma vizuri kabisa, akanisihi nisiseme ni yeye. Nilimrudishia. Nilimwambia akaivae mjini na akiulizwa ajibu.

Na wewe nakuambia hivyohivyo, mwanangu. Jifunze kujipikia ugali na mboga na samaki, mwanamume au mwanamke, tumbo halikuulizi. Jifunze kufuma angalau kofia moja. Watakucheka, nami sitakudanganya kwamba wataacha. Waache wacheke, wewe endelea kuhesabu mishono yako. Anayekukataza kazi njema ya mikono yako mjibu kwa heshima, na kama hasikii, ondoka. Lakini ukishaondoka, usimbebe kichwani na kuanza kujikataza mwenyewe. Ukiulizwa nani amefanya, sema ni mimi, na umtaje aliyekufundisha kwa jina lake. Wa kwangu aliitwa Perpetua.

Mungu akupe mikono isiyokosa kazi na shingo ngumu kidogo. Jioni utakayofika mahali usipojulikana, upate mlango wa kukupokea, na kabla hujalala wawepo watu walioshiba kwa sababu ulikuja.